Namna ya Kufunga Tumbo ya Papa Adalbert

—ikafunguka yote, yaya, kama valise ya mutu mwenye amechelewa kamio! Na matumbo ikatoka inje, na mwenyewe amesimama wima, na hakuna mwenye alitikisika, juu bendera ilikuwa bado inapanda.

Apana, ngoja. Uso yako inaniambia kama nimeanzia katikati. Acha hiyo sombe ichemuke yenyewe mu sufuria, ikala chini, nianze na mwenye tumbo.

Mwenye tumbo ni Papa Adalbert wa Bagira. Kwa karatasi ya hopitali ameandikwa citoyen Mirindi, juu Parti yenye inatawala ilikataza majina ya kizungu, lakini bibi yake, Maman Euphrasie, anamuita Adalbert hata mbele ya batu ya Parti, na sijaona mwenye amemukatalia. Unamujua bila kumujua. Ile sauti unasikiaka siku ya défilé, batu bakipita na mistari mbele ya bakubwa, yenye inaanza mbele micro haijawashwa na inafika commune ya Kadutu peke yake, njo yake. Yeye njo mukubwa wa animation kule Bagira: anaita, batu banaitika, banacheza juu ya kusifu Parti.

Sasa, sauti kama ile haikalake mu mutu mwembamba.

Docteur Philémon, yeye njo anatufundisha sisi bastagiaires, banafunzi ya kazi, mu chirurgie, mahali banapasuaka batu, alitusimamisha mbele ya kitanda ya Papa Adalbert akatuambia kama kuna bagonjwa unafunga tumbo yao unaenda kulala, na kuna bengine unafunga tumbo yao na unabaki unasikiliza. Mutu mwenye mafuta mingi. Mutu mwenye sukari mu damu. Mutu mwenye kuvuta tumbako na kukohoa kila asubui. Mutu mwenye alipasuliwa mbiombio, na mule ndani mumekwisha kuchafuka. Akaangalia Papa Adalbert kutoka miguu mpaka kichwa, akasema, «Na huyu amekusanya.»

Papa Adalbert akamushukuru. Alizani ni sifa.

Alikuwa ameletwa dimanche, matumbo ilijisokota kule ndani, na docteur mwingine mwenye alikuwa wa zamu akamupasua, akaisokotoa, akamufunga. Alimufunga vile tuliona mu vitabu vyetu vyote: tabaka moja, uzi yake, tabaka ingine, uzi yake, mishono ndogondogo, karibukaribu, imekazwa muzuri. Ilipendeza, yaya. Tulipita kuiangalia moja kwa moja, kama batu banapita kuangalia nguo mu vitrine kule Avenue kubwa. Kisha yule docteur akaenda congé yake, na hakuna mwenye alimulaumu kwa kitu.

Sasa, asubui ya ile siku tumbo ilifunguka, mimi njo nilikuwa na kazi ya pansement, kubadilisha bitambaa ya bidonda. Nafika kwa Papa Adalbert, naona pansement imeloana. Haikuwa damu, haikuwa usaha. Maji ya pinki, kama maji yenye umesukulia nyama. Na hiyo, docteur alikuwa ametufundisha: ukiona ile maji, usiende kwanza kunywa chai, juu tumbo iko inakuaga, inataka kufunguka. Nikamuambia Papa Adalbert alale vile iko, asigeuke, asikohoe, niende kuita docteur. Akasema ndiyo mademoiselle. Akasema vizuri kabisa.

Sikufika hata kwa mulango. Inje pale, wimbo ya bendera ikaanza.

Unajua vile tunafanyaka. Mwenye kutembea anasimama, mwenye kubeba ndoo anabaki na ndoo. Mu salle yetu, mwenye anaweza kusimama anasimama kando ya kitanda, mwenye hawezi ananyoosha miguu. Hakuna mwenye alikuwa amemuambia Papa Adalbert kama yeye ni wa kunyoosha miguu. Na hata wangemuambia. Miaka yote ile yeye njo anasimamisha bengine.

Akasimama. Wimbo ikaisha mustari ya kwanza, na kule inje batu ya bureau bakakosa nguvu, unajua vile banaitikaka asubui, kama batu wenye banaulizwa kodi. Papa Adalbert akasikia haya kwa ajili yao. Akavuta pumzi, akaita.

Nilisikia kwanza ile sauti, kisha nikasikia kitu kidogo, kama kitambaa cha zamani kinapasuka. Akaangalia chini. Matumbo ilikuwa imekaa juu ya pijama yake.

«Mademoiselle», akaniambia, pole pole, «kuna kitu yangu imeanguka.»

Nikamuomba alale. Akanionyesha dirisha na kidevu: bendera haijafika juu. Basi nikachukua compresse kubwa, nikazitosa mu maji ya chumvi, nikafunika matumbo na nikaishika na mikono yangu mbili, na yeye amesimama wima mukono kwa kifua, na mimi nimepiga magoti mbele yake kama gardien mwenye amedaka mupira. Maman Euphrasie alikuwa anarudi na thermos. Akatuona vile. Akaweka thermos chini, akasema tu, «Adalbert, lala.» Wimbo ikaisha, akalala.

Docteur Philémon akamuingiza salle d'op, mahali pa kupasulia, mbele hajakunywa chai yake. Na kitu ya kwanza alifanya alipotosha ile pansement ni kutuita tukaribie tuangalie uzi. Uzi ilikuwa nzima, yaya! Noeud zote, yale mafundo, zilikuwa nzima. Zilikuwa zimekaa mu mustari yao, muzuri kabisa, zimeshika hewa.

«Munaona», docteur akasema, «uzi haikukosa kitu. Ni nyama ilikatika.»

Akatuuliza namna gani bamaman wa soko banakataka ile sabuni ndefu. Sisi bote tunajua: na uzi. Unaizungusha, unakaza, sabuni inaachana. Basi ni vile. Umeshona karibu sana na mupaka ya kidonda, umekaza sana juu ipendeze, kisha mutu anakohoa, tumbo inavimba. Uzi haivimbake. Uzi inakata.

Ile yenye yeye alifanya, alikuwa ameisoma mu revue moja ya badocteur yenye rafiki yake alimutumia, na ilikuwa haipendeze hata kidogo. Hakushona tabaka moja moja. Alichukua ukuta yote ya tumbo pamoja, na uzi moja ya nylon nene, yenye bavuvi wa Minova bangeiomba kwa mikono mbili. Anaingia mbali na mupaka, upana wa kidole. Anaenda mbele upana wa kidole, anaingia tena. Na hakazake. Alileta tu huku karibu na kule, kama batu bawili wenye banasalimiana na hawapendane sana. Mbele ya kuanza alikuwa amepima kidonda na uzi, akatuambia uzi ya kutumika ikuwe mara ine ya urefu ya kidonda. Ukimaliza na uzi mingi imebaki, usifurahi kama umeokota. Ujue umekaza, ao umeruka njia. Alipomaliza, akapima yenye ilibaki, akafanya calcul yake mu kichwa, akapumua.

Ngozi ya juu hakuifunga, juu ya ule uchafu wa ndani, aliijaza compresse. Kisha, vile alikuwa Papa Adalbert na si mutu mwingine, akaongeza mishono kubwa ya inje, yenye inapita ngozi na mafuta na yote, na mahali ile nylon inakalia ngozi akatia vipande vya mupira wa perfusion, ule wa kupitisha maji mu mushipa, isikate. Vikakuwa mistari mbili ya mipira, huku na kule ya tumbo.

Papa Adalbert alipoamuka akainua shuka, akaangalia mule muda murefu. Akauliza nani amemushonea abacost, ile koti ya bakubwa ya bouton mingi, na mufuko iko wapi.

Batu ya salle bakaanza kucheka na yeye akataka kucheka. Docteur akamukatalia. Akaita Maman Euphrasie inje ya mulango, na mimi nikawafuata na plateau ya pansement juu nilikuwa nataka kusikia, na akamuambia bila kuzunguka kama mara hii ikifunguka, hatakuwa tena na nyama ya kushonea. Maman Euphrasie akauliza kama ni kufwa. Docteur akasema ndiyo, maman, ni kufwa. Basi akauliza ni nini yenye bwana yake hana ruhusa ya kufanya. Asisimame peke yake, docteur akasema. Asivute tumbako. Akitaka kukohoa, akumbate kwanza muto juu ya tumbo, akunje magoti, akaze muto na mikono mbili, kisha akohoe mule mule. Na asiite. Hata kidogo.

Maman Euphrasie akafikiri. «Ya tumbako nitaweza», akasema.

Muto alishona yeye mwenyewe. Alichukua ile pagne, kitenge ya Parti, ile ya kijani yenye mukono na tochi ya moto, juu njo pagne wako nayo mingi kwao, kila défilé banawapatia ingine. Akajaza pamba, akamupatia bwana yake. Na mimi njo nilimufundisha. Kunja magoti, Papa. Kumbata. Kaza. Sasa kohoa. Alikuwa anafanya muzuri kabisa, na uso ya mutu mwenye anapiga picha. Kila asubui tunafungua pansement, na kila asubui kavu. Maman Euphrasie haangaliake. Anageukia ukuta, anauliza, «Na sasa?», nasema kavu, maman, njo anageuka.

Basi, tufike kwa leo.

Leo, saa ya visite, tunasikia ngoma mu cour, kule inje ya hopitali. Nikafungua dirisha: camionnette mbili za Bagira, na batu ya animation bote, na uniforme, bamaman mbele, bapapa nyuma, na citoyen Venant juu ya camionnette ya kwanza. Yule Venant njo mudogo wa Papa Adalbert mu kazi, mwenye ameshika nafasi yake tangu alipolala. Wamekuja kuonyesha heshima kwa mukubwa wao. Watafanya animation kando ya kitanda, mukubwa ataita, bataitika, bataenda.

Nikakimbia kwa docteur. Nikamuambia. Akaniangalia. Kukataza mugonjwa visite, anaweza. Kukataza batu animation ya Parti, yaya, wewe unajua mahali banapelekaka mutu. Hata wewe umeacha kukoroga, mwiko mu mukono. Docteur akavaa blouse yake vizuri, akafunga bouton zote, akasema twende tusalimie.

Bakaingia bote. Bakajipanga katikati ya vitanda, wengine mpaka kwa lavabo. Ngoma ikaanza, bakaanza kucheza, na vioo vya dawa mu armoire vikaanza pia. Papa Adalbert analala pale, midomo imefungwa, na anatetemeka kama sufuria yenye wali inachemuka. Maman Euphrasie ameshika mukono yake na mikono mbili. Kila mara ngoma inafika mahali pa kuitia, mushipa ya shingo yake inasimama, na anameza ile sauti.

Ngoma ikanyamaza. Citoyen Venant akasogea mbele. Yeye ni mutu wa sauti nyembamba, na anaipanguza mbele ya kuitumia.

«Citoyen Mirindi, batu banakungojea», akasema.

Mutu wa Parti mwenye anaitwa kuita na anakataa kuita, mbele ya bote vile, hakuna papier ya docteur yenye itamufunika. Papa Adalbert akaangalia bibi yake. Bibi yake akaangalia docteur. Na docteur, nilimuona, alikuwa anaangalia ile shuka mahali tumbo iko, na midomo inatikisika kidogo. Nazani alikuwa anahesabu uzi.

«Muto», akasema. «Na ufanye kama kukohoa. Mule mule.»

Papa Adalbert akakunja magoti. Akakumbata muto, ile tochi ikaangalia batu. Akakaza na mikono mbili. Akafunga macho, akaita.

Haikutoka ile sauti ya défilé. Ilitoka sauti ingine, ya chini, nene, kama mutu anaongea mu pipa. Na kwa mwisho kikohozi kikamukamata, akakaza zaidi, akajikunja juu ya muto, ham, ham, ham, kisha akanyooka na akafungua macho.

Batu bakaangaliana. Nikazani wamekasirika.

Lakini mimi nilikuwa karibu na citoyen Venant, na niliona macho yake. Yalikuwa yanaenda kwa magoti, kwa muto, kwa tochi, kwa mikono, yanarudi kwa magoti. Sasa, unapaswa kujua kitu kimoja. Mwaka jana Kinshasa walitosha mouvement mpya ya kucheza, ile ya kugeuza mabega, na Bagira hawakupata habari. Walifika kwa défilé na mabega ya zamani mbele ya batu bote, na commune zingine zinawacheka mpaka leo. Na mu animation hauulizake. Mwenye kuuliza anaonyesha kama hakupata habari.

Citoyen Venant hakuuliza. Akageukia kitanda ya pembeni, mahali kuna muzee mumoja wa Nyangezi mwenye muguu uliovunjika, wa plâtre, akamutosha muto chini ya kichwa bila kusema pole. Akakunja magoti. Akakumbata. Na akaitika, kwa sauti ya chini, na kwa mwisho akakohoa mara tatu.

Yaya, bote bakamufuata. Bote! Mito ya salle ni ya kuhesabika, basi mwenye kukosa muto alikumbata sacoche, mwingine pagne yenye amekunja, maman mumoja alikumbata chou ya kupika yenye alikuwa amenunulia mugonjwa. Ngoma ikarudi, pole pole, kwa chini. Bakaenda mbele na magoti ya kukunja, bakarudi nyuma, bakaitika, bakakohoa. Walikohoa pamoja, muzuri kabisa, kama batu wenye wamejizoeza siku mingi. Bagonjwa wenye wanaweza bakaanza nao. Yule muzee wa Nyangezi akauliza nani atamurudishia muto, na hakuna mwenye alimusikia.

Docteur Philémon alikuwa amesimama kwa miguu ya kitanda. Hakucheka. Mara moja tu alimusogelea maman mumoja wa mustari ya mbele akamuinulia muto kidogo, juu alikuwa anauweka chini sana.

Basi bakamaliza, bakamupigia mukubwa mikono, bakatoka. Docteur akavuta rideau, ile pazia ya kitanda. Akaniambia nilete plateau.

Nikatosha sparadrap, ile ya kubandika pansement. Maman Euphrasie hakugeukia ukuta. Nikamungojea ageuke kama kila siku, hakugeuka. Alisimama pale, karibu sana, kivuli yake inaniangukia juu ya mukono, na Papa Adalbert naye anaangalia juu, kwa plafond, hata hakohoe. Nikainua compresse ya kwanza. Nikainua ya pili. Ya mwisho docteur akaiinua yeye mwenyewe, pole pole, kutoka kwa kona.

Kavu.

Mipira yote mahali pake. Nylon imelala mu njia yake. Docteur akatia kidole cha gant ya mupira pale, akapita nacho kutoka juu mpaka chini, akarudi nacho. Akamuambia Papa Adalbert akohoe na muto, akakohoa, na kidole iko pale inasikiliza. Hakuna kitu kilisogea.

«Imeshika», akasema.

Maman Euphrasie akaikala chini, kwa ciment, na pagne yake muzuri ya visite. Hakulia. Alibaki ameikala pale, miguu imenyooka mbele kama mutoto, na akamuambia bwana yake kama akifungua tena ile kinywa yake mbele tumbo haijapona, yeye mwenyewe ataishona, na atakaza. Papa Adalbert akasema amesikia. Kisha akamuuliza docteur, kwa adabu, kama ile sauti ya chini haikukuwa muzuri kuliko ile ya juu. Juu yeye ameona imepita muzuri. Batu wameipokea.

Na mimi nikawaza, basi imeisha, Mungu ni mwema, nikaanza kukusanya pince zangu. Njo rideau ikafunguka, na citoyen Venant amerudi, kofia mu mukono. Alimusalimia docteur kama batu banasalimiaka muministre. Akasema commune inamushukuru kwa kuwaletea ile mouvement mbele Kadutu haijaipata. Akasema tayari amepita kwa telefone ya bureau akaitangaza, na bakubwa ya zone bamefurahi, na banataka docteur mwenyewe akuje kesho asubui awaonyeshe namna ya kushika muto, mbele ya batu bote, juu isikosewe. Na kama rangi ya mito ikuwe moja ao kila mutu na yake.

Docteur akaangalia Papa Adalbert, mwenye alikuwa anamuangalia na huruma, kama mukubwa wa kazi anaangalia mutu mupya. Akaangalia mimi. Akasema atakuja, na atakuja na stagiaire wake, juu yeye njo anajua kufundisha magoti.

Stagiaire ni mimi, yaya. Camionnette itanichukua mbele ya hopitali na muto ya Maman Euphrasie, Papa atakumbata ya salle, na amenionya kama nikiipoteza nisirudi. Kesho magaribi nikirudi kutoka kwa zone nitakuambia kama docteur alikunja magoti ao hakukunja, na ni nani alikohoa wa kwanza.